Gerezani, Ilala na Kobe wa Mama Mkwe

Watu wengi wakitaka kujua kama kweli wanaendana na wapenzi wao huenda Bagamoyo wikiendi, au huvuka maji kwenda Zanzibar, wakapiga picha ufukweni na kurudi wakisema wameshibana. Mimi nina ushauri mwingine. Mpeleke mtu wako Gerezani, Jumamosi asubuhi, jua la saa nne, mkitafuta kitu ambacho hakiuzwi. Kabla ya saa nane mchana utakuwa umemjua kuliko ungemjua kwa siku tatu za hoteli yenye bwawa. Utajua anaongeaje na watu asiowajua, anakasirishwa na nini, na akiambiwa "hakuna" anafanyaje.

Gerezani ni pale mwendokasi linapoishia, upande wa Kariakoo. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Gerezani maana yake haihitaji mkalimani. Kwa hiyo ukishuka kituoni hapo umesimama kati ya wapagazi na jela, na katikati yao kuna mafundi wa kila kitu: wa kukereza chuma, wa kuchomelea, wa kunyoosha bodi, wa redieta, wa kusuka mota. Harufu yake ni grisi, chuma kilichochomwa na chapati za maji za akina mama wanaowalisha watu wote hao. Usivae viatu vyeupe.

Kama una Toyota, hapa ni peponi. Hujamaliza kutaja taa ya IST au kioo cha pembeni cha Noah, kijana ameshakushika mkono anakupeleka. Sasa jaribu kuuliza dainamo ya Volkswagen ya mwaka 1965, ya volti sita. Wa kwanza aliniuliza, "Dada, hiyo ni gari au jenereta?" Wa pili alimwita mwenzake aje anisikilize nirudie. Wa tatu, mzee kidogo, alimwangalia mume wangu kwa huruma akasema, "Kaka, uza tu."

Kuuza ndiko hasa tulikokuwa tunakukimbia.

KOBE NI NANI

Kobe ni Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, injini ya 1200, rangi ambayo zamani ilikuwa bluu ya bahari. Marehemu baba mkwe aliinunua Tanga mwaka 1971 kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Alikuwa mwalimu. Watoto wake wanne wote walipelekwa kliniki kwa Kobe, wakapelekwa shule kwa Kobe, na mama mkwe wangu alijifunza kuendesha gari humo, akawa miongoni mwa wanawake wachache mtaani kwao walioshika usukani. Tangu mwaka 2009 lilikuwa limesimama chini ya mwembe nyumbani kwao Magomeni, matairi yamekaa chini, kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Julai 2024 kikaitishwa kikao cha familia. Nyumba inapangishwa, Mama anahamia kwa binti yake Mbezi, na mpangaji anataka sehemu ya kuegesha magari yake mawili kuanzia tarehe mosi Septemba. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ni mtu wa mahesabu na wala simlaumu, alikuwa ameshaongea na watu wa vyuma chakavu. Gari hilo lina uzito wa kama kilo 750. Wanakuja na mizani, wanalipa, wanabeba.

Mume wangu akawa mkali. Yeye ndiye kitinda mimba, na wote mnajua vitinda mimba walivyo na mali ya baba. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa kimya muda wote, kisha akasema maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyapunguza wala kuyaongeza:

"Kobe akitoka getini mwenyewe, bila kusukumwa, hakuna wa kumuuza. Asipotoka, waiteni watu wa mizani. Mwisho tarehe thelathini na moja."

Ilikuwa Jumapili. Kuhesabu haraka haraka, tulikuwa na Jumamosi sita, maana sote wawili ni watu wa ofisi.

Injini haikutusumbua. Fundi aliisafisha kabureta, akabadilisha plagi na mafuta, akaizungusha kwa mkono ikakubali. Gari hizi zilijengwa kwa ajili ya barabara mbovu, na si maneno matupu: kwenye mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen za aina hii zilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Kilichokuwa kimekufa kwa Kobe ni umeme. Panya walikuwa wamekula nyaya za chini ya dashibodi. Na kabla ya panya kulikuwa na gereji moja, jina nalihifadhi, ambayo miaka hiyo ya mwisho ilifungua dainamo "kuiangalia", ikairudisha ikiwa imeungua ndani, na ile katauti yake, kile kisanduku kinachoongoza chaji, ikabaki ganda tupu.

Najua unachofikiria, msomaji wangu. Si uagize tu nje? Ni kweli, vipuri vipya vinatengenezwa mpaka leo. Gari hizi zilitoka zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Ujerumani, Uingereza na Marekani kuna maduka yanauza hata skrubu yake. Lakini jumlisha bei, usafiri wa ndege, ushuru, halafu piga picha mzigo wako umekaa forodhani tarehe 31 Agosti. Sisi tulikuwa na mwendokasi na miguu yetu.

SHAURI MOYO

Jumamosi ya pili tukaenda Ilala, mitaa ya Shauri Moyo, kwenye spea za mkono wa pili. Kama hujafika, fikiria magari mia yamefumuliwa kama sufi ya mto: milango huku, injini kule, dashibodi zimepangwa ukutani kama vinyago vya Mwenge. Jina la mtaa huo liliandikwa kwa ajili yetu. Mume wangu alikuwa na daftari lenye orodha na picha alizochapisha, namba za vipuri zikiwa za Kijerumani, anapita duka kwa duka kama mwandikishaji wa sensa. "Hakuna. Hakuna. Hiyo hakuna, ila nina ya Suzuki."

Nyuma ya kontena moja tukamkuta mzee mmoja fundi umeme, miwani imefungwa kwa uzi, mezani kwake kuna mita moja ya kupimia na balbu moja yenye nyaya mbili, ambayo ndiyo aliyoitumia zaidi. Mume wangu akaanza tena: shikamoo mzee, tunatafuta flasha ya Bosch, namba hii hapa. Mzee hakuangalia namba.

"Marahaba. Inafanya kazi gani?"

"Ni flasha, mzee. Ya indiketa."

"Nimesikia jina lake. Nauliza inafanya kazi gani. Inapokea nini, inatoa nini, kwa nguvu ya kiasi gani?"

Mume wangu akanyamaza. Mzee akavuta boksi chini ya meza, akatoa flasha ya Toyota Hilux ya zamani yenye miguu mitatu. Kwenye plastiki kuna herufi B, L na E. Akachukua ile ya kwetu iliyokufa, akaifuta kwa kidole: 49, 49a na C. "B ya Mjapani ni 49 ya Mjerumani, hapo ndipo umeme unaingia. L ni 49a, unakwenda kwenye taa. E ni ethi, unaifunga kwenye bodi, Mjerumani ethi anaiita 31. Hii C ilikuwa ya katakaa la dashibodi tu, hako tutakapeleka kwenye L kafumbe na kufumbua pamoja na wenzake."

Nikamwambia, mzee, kumbe wewe ni mkalimani. Akacheka.

Hapo ndipo safari yetu ilipogeuka. Wajerumani walizipa namba sehemu zote za kuungia nyaya, na namba hizo hazijabadilika. 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. 15 ni umeme unaokuja ukigeuza ufunguo. 50 ni stata. Nenda leo Kariakoo ukanunue rilei mpya iliyotengenezwa China, iangalie chini: 30, 85, 86, 87. Ile 30 ni ileile iliyochongwa kwenye swichi ya Kobe mwaka 1965. Tangu siku ile mume wangu aliacha kuuliza majina. Tulikuwa tunauliza kazi, na ghafla mji mzima ukawa na spea zetu.

SITA AU KUMI NA MBILI

Lakini kwanza ilibidi tugombane.

Kobe alizaliwa na umeme wa volti sita, kama Volkswagen nyingi za wakati wake. Magari unayoyaona barabarani leo, madogo yote, ni kumi na mbili. Mume wangu alitaka sita. "Baba aliliacha hivi." Mimi nilitaka kumi na mbili, kwa sababu rahisi tu: betri ya sita yenye nguvu ya kuzungusha stata utaipata wapi Chalinze usiku? Zile ndogo zilizomo kwenye taa za chaji za nyumbani zina volti sita kweli, ila stata itazinyonya kabla hujamaliza kusema bismillahi. Betri za zamani zenye vyuma vinavyoonekana juu, kila chumba volti mbili, fundi aliweza kuikata ya kumi na mbili akapata sita mbili. Za siku hizi zimezibwa.

Tuligombana kwenye daladala, tukagombana jikoni. Yeye aliniambia sielewi maana ya kumbukumbu. Mimi nilimwambia kumbukumbu isiyowaka ni banda la kuku. Siku mbili tukawa tunaongea kwa mambo ya lazima tu, kama chumvi na bili ya maji.

Mzee wa Ilala ndiye aliyetupatanisha, wala hakujua kama anapatanisha. Alichukua penseli. Kila taa kubwa ya Kobe ni wati 45. Mbili ni 90. Kwa volti sita, zinavuta ampia 15. Kwa kumi na mbili, saba na nusu. "Ndiyo maana nyaya za gari lenu ni nene hivi, zilijengwa kubeba mzigo mkubwa. Ukipandisha volti, mzigo unapungua nusu. Nyaya za baba yenu zinabaki zilezile, zile ambazo panya hawakuzila, na zitapumua. Ukipunguza volti kwenye nyaya nyembamba ndiyo hatari, huku unakotaka kwenda ni kuzuri." Halafu akamwangalia mume wangu: "Mwanangu, Mama yako atapanda hili gari au atalitazama?"

Basi. Kumi na mbili.

Na tuseme ukweli, gari lenyewe lilishirikiana nasi. Geji ya mafuta ya mwaka huo haitumii umeme, inavutwa na kamba ya chuma kutoka kwenye tangi. Maji ya kuoshea kioo nayo yanasukumwa na upepo. Mjerumani alikuwa na akili za kijijini. Kwa hiyo orodha ya kubadilisha ilikuwa fupi kuliko tulivyoogopa: balbu, koili, flasha, waipa, katauti, na ile shughuli kubwa, dainamo.

KUSUKA

Dainamo ya Volkswagen hii siyo kama ya gari lingine. Kwenye Toyota alteneta iko pembeni peke yake, ukiing'oa unafunga nyingine inayofanana, maisha yanaendelea. Injini ya Kobe haina maji wala redieta, inapozwa kwa upepo, na feni ya kuipooza imefungwa kwenye shafti ileile ya dainamo. Upande mmoja puli ya mkanda, upande wa pili feni. Vijana watatu Gerezani walituambia watafunga alteneta ya Toyota "freshi tu", na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria feni itakaa wapi. Mkanda ukikatika kwenye gari hili unasimama hapohapo, maana chaji na upepo vinaondoka pamoja.

Kwa hiyo mwili wa dainamo ulipaswa kubaki, na ndani yake kubadilika. Hapo ndipo tuliporudi Gerezani, safari hii si kununua kitu bali kusukisha.

Wanawake wenzangu, mnajua saluni ya kusuka ilivyo. Ya mota ni hivyohivyo. Kijana amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama, vidole vinakwenda bila macho kuangalia, redio inaimba pembeni. Amepasua nywele za zamani zilizoungua, nyeusi, zinanuka, ameziweka kwenye ndoo kwa ajili ya kupima kilo. Anahesabu mizunguko kwa midomo na ole wako umsemeshe. Mzee wa Ilala alikuja mwenyewe kumwelekeza: mizunguko mara mbili ya ile ya zamani, waya wa shaba wenye unene nusu ya ule, ili ukae kwenye nafasi ileile. Kwenye koili za ndani na kwenye amecha pia. Vipande vya makaa akavichonga kutoka kwenye makaa makubwa ya mota ya mashine ya kusaga, akavisugua kwa msasa mpaka vikateleza kwenye nyumba zake.

Ilimchukua wiki nzima, maana alikuwa na pampu za watu za visima. Tulipofika Jumamosi ya tatu alikuwa amemaliza kupaka vanishi na anaikausha. Mzee akaleta betri, akaunga waya mmoja kwenye D+, DF akaigusisha kwenye mwili. Dainamo ikaanza kuzunguka yenyewe juu ya meza, polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Dainamo ni mota inayofanya kazi kinyume," akasema. "Ikila umeme ikazunguka, basi ukiizungusha itatapika umeme." Mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo Gerezani halifanyiki.

SAFARI YA GROGAN

Vitu viwili vikawa bado vinakataa: katauti ya volti kumi na mbili ya dainamo, ambayo si sawa na ya alteneta, na balbu za taa kubwa, zenye kitako kipana cha zamani ambacho balbu za kawaida hazikai. Mzee akasema, "Hivyo nendeni Nairobi. Kwa Wakenya zilikuwa nyingi hizi."

Tukapanda basi Ijumaa. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, halafu Namanga na foleni yake. Saa nyingi za kukaa na mtu bega kwa bega, na nakuhakikishia kwamba ndoa inahitaji basi mara mojamoja.

Nairobi mtaa wa spea unaitwa Kirinyaga Road, ila waulize wenyeji, wengi bado wanasema Grogan, jina la zamani la mtaa huo, la yule Mwingereza aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape mpaka Cairo. Ukizunguka humo na katauti iliyokufa mkononi unamwelewa. Kelele ni zilezile za Gerezani, Kiswahili ndicho tofauti. "Madam, hiyo kitu iliisha kitambo," akaniambia wa kwanza. Lakini Nairobi wana kitu ambacho sisi hatuna: tangu mwaka 1970 wanafanya onyesho la magari safi, Concours d'Elegance, ambalo majaji huyakagua magari mpaka chini ya bodi. Mashindano ya namna hiyo yanafuga wateja, na wateja wanafuga watu wanaotunza spea ambazo mwingine angezitupa.

Duka la nne, mama mmoja mwenye kibanda kisichozidi mlango, alituangalia, akaingia ndani ya maboksi, akatoka na katauti ya Bosch ya kumi na mbili, imetumika ila safi. Balbu tulizipata kwa muuza spea za trekta. Trekta za zamani zinatumia kitako kilekile, volti kumi na mbili, wati 45 na 40. Mume wangu alikuwa amezitafuta kwa jina la Volkswagen wiki nne, kumbe zilikuwa zinalima.

Tulilala Nairobi usiku mmoja tu. Nyama choma tulikula, msije mkasema hatukujirusha.

MAMBO MADOGO YENYE ADABU

Wiki mbili zilizobaki zilikuwa za nyumbani kwa Mama. Mzee alikuja na kijana wake, wakakaa chini ya mwembe. Nitakueleza machache kwa sababu ndiyo yaliyonifurahisha zaidi.

Mota ya waipa ni ya sita, na ya kumi na mbili inayokaa pale hatukuipata. Mzee akaipima ikivuta kama ampia nne. Akatoa kipande cheupe cha udongo wa kauri kutoka kwenye Datsun ya miaka ya sabini, kile kilichokuwa kinawekwa kabla ya koili kupunguza umeme, upinzani wake kama omu moja na nusu. Zidisha: nne mara moja na nusu ni sita. Volti sita zinaishia kwenye kauri, sita zinafika kwenye waipa. Kinapata moto, kwa hiyo alikifunga kwenye chuma, mbali na nyaya.

Koili ilitoka kwenye Land Rover 109 iliyokufa Ilala. Stata ya sita aliiacha vilevile. "Hii ya sita ukiipa kumi na mbili itaruka kama mbuzi, lakini haifi, mradi usiishikilie. Gusa, liwake, achia." Taa kubwa akazipa rilei mbili mpya za Kariakoo ili swichi ya zamani isibebe mzigo.

Betri ya Kobe inakaa chini ya kiti cha nyuma, na kiti chenyewe kina springi za chuma. Abiria mnene akikaa, springi zikigusa vichwa vya betri, ni moto. Watu wameunguza magari hivyo. Mzee alikata mpira wa tairi la lori akaifunika betri yote, kisha akanituma mimi nikae nirukeruke. Sitaki maswali kwa nini nilichaguliwa mimi.

Katauti ya Nairobi haikukaa juu ya dainamo kama ya zamani, aliificha pembeni ya kiti cha nyuma. Lile ganda tupu la zamani, badala ya kulitupa, alilirudisha mahali pake, ndani yake akaunganishia nyaya. Ukifungua boneti ya nyuma unaona kile alichokiona baba mkwe. Hilo hatukumwomba.

Na honi. Ya sita. Mimi nilikuwa nimeshanunua mpya ya bajaji. Mume wangu akasema honi hapana, akasema kwa sauti ambayo mke mwenye akili habishani nayo. Mzee akageuza skrubu ya nyuma kidogo kidogo, akaigusa waya nukta moja tu, ikalia: fupi, ya puani, kama bata amekanyagwa. Ndani ya nyumba Mama alikuwa anapanga vyombo kwenye maboksi. Tukasikia kimya. Halafu tukamsikia anamuuliza binti wa kazi, "Nani yuko getini?" Baba mkwe alikuwa akifika anapiga mara moja tu, Mama mwenyewe anakwenda kufungua.

Hakutoka nje. Wala sisi hatukuingia kumwangalia.

Tarehe 31 Agosti ilikuwa Jumamosi. Familia nzima ilikuwepo, na shemeji mkubwa alisimama karibu na geti, mikono nyuma. Mume wangu aligeuza ufunguo nusu, taa nyekundu ya chaji ikawaka. Akagusa stata, ikaruka kama mbuzi kweli, injini ikashika, ikakohoa moshi uliowafukuza kuku wote. Sote tulikuwa tunaangalia kitaa kimoja chekundu, maana kama hakizimi dainamo haitoi kitu na gari litakwenda mpaka betri iishe. Akakanyaga mafuta. Kikafifia, kikazimika. Mzee, aliyekuwa ameegemea mwembe, akavaa kofia yake.

Mama akafungua mlango wa dereva akamwambia mwanawe, "Toka."

Ana miaka sabini na sita. Akavuta kiti mbele, akajaribu taa, akajaribu indiketa kushoto na kulia, waipa ikapita kioo kikavu ikipiga yowe. Shemeji mkubwa ndiye aliyefungua geti. Kobe akatoka mwenyewe mpaka barabarani, Mama akazunguka mtaa, akarudi na dada mmoja wa jirani kwenye kiti cha mbele ambaye hatujui alimwokota wapi.

Watu wa mizani walikuja Jumatatu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwapigia simu. Mama akawauzia friji bovu na mabati ya banda la kuku.